Bibi Aliyefagiliwa Miguu na Mashine

Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na wala haikuwa usiku. Naanza na hayo kwa sababu kila niliyemsimulia ameniuliza hayo matatu kabla sijafika katikati. Ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka juu ya bati, na mimi nimesimama jikoni kwa Mama Zulfa na tambara begani. Ukiniamini, mshukuru Mungu kwamba hayajakukuta. Usiponiamini sikulaumu. Mimi mwenyewe kuna siku najikatalia.

Mimi ni mtoto wa kwanza, na wazazi wetu wote wawili wametangulia. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Nina wadogo watatu: mmoja yuko kwa shangazi Mtinko, mmoja kwa mama mdogo Ilongero, na wa mwisho, Neema, analala kwa jirani yetu wa zamani ambaye si ndugu yetu hata kidogo. Siku ya kukaa wote wanne kwenye sinia moja ni Krismasi tu.

Nyumba ninayofanyia kazi ni ya Mama Zulfa, hapa Singida mjini. Ni mjane, anauza mafuta ya alizeti sokoni, na nyumba yake ni tailizi nyeupe kuanzia barazani mpaka chooni. Kama umewahi kuishi mji huu unaujua upepo wetu. Unafagia asubuhi, ikifika saa nne unaweza kuandika jina lako kwa kidole juu ya meza. Miaka sita nimeipigia deki nyumba ile kwa magoti.

Basi mtoto wa Mama Zulfa aliyeko Dar akatuma mashine mbili. Ni za duara, kama sufuria iliyofunikwa, zinatembea zenyewe, zinafagia na kupiga deki bila mtu. Si zile za kuchezea. Ni za bei mbaya, kila moja na kituo chake chenye ndoo ya maji safi na ndoo ya maji machafu. Mwenye duka la mashine ni rafiki yake, alikubali zijaribiwe wiki moja. Moja ibaki, nyingine irudi na basi la Jumamosi.

"Haya mwanangu," Mama Zulfa akaniambia, "wachumba wako hao, wamekuja wawili kwa siku moja. Ijumaa jioni nataka jibu la posa."

"Mama, mimi najua nini habari za mashine?"

"Mashine hujui. Sakafu unaijua. Huyo aliyezituma hajawahi kuinama humu ndani hata kuokota sindano, atachagua nini?"

Kisha akasema neno lililonikosesha usingizi. Alisema mashine ikiwa ya kutegemewa, inayomaliza kazi bila kusaidiwa, mimi nitatoka sakafuni nikapime mafuta dukani. Na nyuma ya duka kuna chumba. Kitupu. "Utawaleta wadogo zako," akasema, kama mtu anayekuambia chukua kiti ukae.

Unaelewa basi kwamba sikuwa nachagua mashine tu.

Nilizijaribu kwa haki, Mungu ananiona. Moja ilikuwa nyeupe, nyingine nyeusi, tukaziita Mweupe na Mweusi. Jumatatu nilimwaga unga wa uwele koridoni, nikadondosha maganda ya alizeti sebuleni, nikaacha chai ya maziwa ikauke jikoni. Nikamwachia Mweupe. Jumanne nikamwaga vilevile, palepale, nikamwachia Mweusi.

Mweupe ana vitambaa viwili vya mviringo vinavyozunguka chini ya tumbo, na akimaliza anarudi kituoni kujifulia kwa maji ya moto. Anasugua vizuri, lakini ni mwoga. Ana jicho mbele. Akiona waya, anazunguka. Akiona ndala, anazunguka. Kila anachokikwepa anakipiga picha, na kwenye ramani ya nyumba inayotokea kwenye simu anaweka alama: hapa pana ndala, hapa pana waya. Unga wa kwenye pembe aliuacha.

Mweusi alikuwa dume. Kitambaa chake ni mviringo mrefu kama mpini, kinajiviringisha huku kinajikamua. Anavuta vumbi hadi unasikia maganda yanagonga ndani, anapanda vizingiti, anaingia chini ya makochi. Chai iliyokauka aliipita mara moja tu, ikatoka. Hakuogopa kitu.

Kufika Jumatano nilikuwa nimeshachagua. Mweusi. Usiku ule nilikipanga chumba cha nyuma ya duka kichwani, nani alale wapi.

Alhamisi, karibu saa sita mchana, nilimwasha Mweupe kwa mara ya mwisho, ili nisije nikasema sikumtendea haki. Nilikuwa peke yangu. Geti nilikuwa nimelifunga kwa kufuli upande wa ndani, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga yangu. Mweupe akaenda vizuri mpaka koridoni, karibu na mlango wa stoo, pale ukutani penye ubaridi. Hapo akasimama. Akarudi nyuma kidogo. Akasogea kushoto, akasimama, akasogea kulia. Akasema kile Kiingereza chake cha sauti ya kike. Kiingereza changu nilikiacha kidato cha pili, lakini hicho nilikielewa: kuna kitu hapa, kiondoe.

Hapakuwa na kitu. Nilipapasa kwa mkono. Tailizi tupu.

Alizunguka mahali pale, akamaliza nyumba, akarudi kituoni. Nikaangalia simu ya nyumbani, ile niliyoachiwa kwa ajili ya mashine. Kwenye ramani, pale karibu na stoo, aliacha kipande hakijapigwa deki, chembamba na kirefu, kinaanzia ukutani kuja katikati ya korido. Mwishoni mwake ameweka alama ya ndala. Nikaibonyeza ili picha ifunguke.

Niamini, zilikuwa nyayo. Nyayo mbili za mtu mzima sana, zimetazama kamera, kama za mtu aliyeegemea ukuta akanyoosha miguu. Visigino vimepasuka vile vya watu waliolima maisha yao yote. Vidole vimejaa vumbi jekundu.

Nikampigia Mama Zulfa dukani.

"Nimeiona hiyo picha hata mimi kwenye simu yangu," akasema. "Si ndala hizo? Tena chakavu. Zitoe hapo."

"Mama, tazama vizuri. Ni miguu."

"Miguu ya nani? Umekunywa chai leo?" Akacheka, nikasikia na wateja wanacheka. "Huyo Mweupe mwoga, nilijua tu. Ngoja nimtume mwenzie amalizie."

"Mama, usi..."

Lakini siku hizi mtu anabonyeza akiwa sokoni na mashine inaamka nyumbani. Mweusi akatoka kituoni kwake.

Hapa lazima nikueleze kitu cha kwetu, maana bila hicho hutaelewa kwa nini nilitaka kumzuia. Mama yetu alitufundisha kufagia kabla hajatufundisha kupika. Ukifagia ukamkuta mtu mzima amekaa, unaweka ufagio chini. Unampa shikamoo. Akishaitikia unasubiri, mpaka anyanyuke au avute miguu mwenyewe. Hata akichelewa, hata akiwa anapiga soga, unasubiri. Kumfagia mzee miguuni ni kumwambia yeye ni taka, atoke na vumbi. Niliwahi kumfagia bibi yangu miguuni nikiwa mdogo, kwa haraka ya kwenda kucheza. Mama alinipeleka kwake nikamwomba radhi nimepiga magoti, na sikula mpaka bibi aliposema yamekwisha.

Mweusi alifika pale karibu na stoo na hakusita. Akapita. Akafika ukutani, akageuka, akapita tena. Nilikuwa nimesimama kama mita mbili. Tailizi ikabaki inang'aa maji.

Halafu kwenye yale maji ukatokea unyayo. Sikuona mguu. Niliona maji yanasukumwa pembeni, yanaacha umbo la unyayo, kisha mwingine mbele yake. Zilitoka pale, zikanipita upande wa kulia, zikaelekea jikoni. Za kutoka tu. Za kuingia hazikuwepo. Kwa nini sikukimbia? Najiuliza hadi leo. Nadhani ni kwa sababu ufunguo ulikuwa kwangu, na nyumba nimeachiwa mimi. Nikazifuata.

Mlangoni mwa jikoni, upande wa uani, alikuwa amesimama bibi mfupi mwenye kaniki iliyopauka. Kichwa kina vumbi, mikono ina vumbi, nguo ina vumbi. Miguu tu ndiyo safi. Ilikuwa safi mpaka kwenye vifundo, inachuruzika maji, myeupe kwa kusuguliwa.

"Nani amenifagia miguu?" aliuliza. Alisema kwa Kinyaturu, kile kizito cha bibi yangu, ambacho hapa mjini hakisemwi tena.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Hakuitikia. Alinitazama tu. Wewe umewahi kumpa mtu mzima shikamoo ikabaki hewani? Nikapiga magoti, nikasema tena. Mashine inanguruma nyuma yangu.

"Ni mashine, bibi. Haijui kitu."

"Mashine imekuja yenyewe?"

Nikashika ufunguo kwenye pindo la kanga.

"Leo nimefagiliwa," akasema. "Na kesho?"

"Hapana, bibi. Kesho hapana."

"Unasema wewe?"

"Nasema mimi."

Nikamvutia kigoda akae. Mweusi alikuwa anakuja jikoni, namsikia, nikakimbia nikamnyanyua na kumpindua tumbo juu, brashi zinazunguka hewani kama miguu ya kobe. Niliporudi, kigoda kilikuwa kitupu, na chini yake maji yametuama mahali pawili. Uani vumbi lilikuwa limelala vilevile nilivyoliacha, halijakanyagwa. Geti limefungwa. Ufunguo uko kwenye pindo.

Sasa niambie, nilimwahidi nani? Nimeuliza majirani kama hapo kabla ya nyumba palikuwa na boma la mtu. Mmoja anasema palikuwa shamba la uwele, mwingine anasema palikuwa pori tu. Nimeifungua ile picha mara nyingi. Kuna siku naona ndala. Kuna siku naona vidole.

Ijumaa jioni Mama Zulfa akakaa kwenye kochi, akavua viatu. "Haya bibi harusi. Nani anabaki?"

"Mweupe, mama."

"Mweupe? Si wewe uliyeniambia jana asubuhi anaacha unga kwenye pembe?"

"Anaacha."

"Na Mweusi anaacha?"

"Haachi kitu."

"Sasa?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema Mweusi anakula umeme, anakwaruza tailizi, angeniamini. Lakini nilimweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Alianza kwa kucheka. Nilipofika kwenye miguu safi akaacha, akaikunja miguu yake juu ya kochi.

"Kwa hiyo Mweusi hana adabu," akasema mwishoni.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, mimi sijaona bibi. Nimeona ndala. Lakini sitakulazimisha uishi na kitu unachokiogopa." Akaishusha miguu taratibu. "Ila nawe unielewe. Nilitaka mashine ya kukutoa sakafuni. Hii haikutoi. Inaacha pembe, inaacha hapo kwa stoo, nani atapamalizia? Dukani nahitaji mtu mwezi huu huu. Itabidi nimchukue mtoto wa dada yangu, na chumba atakaa yeye."

Niliitikia ndiyo mama. Neno nilikuwa nimeshalitoa, na halikuwa limetoka mdomoni mwa mtu mwingine. Jumamosi Mweusi alirudi Dar na basi. Nilimfunga mwenyewe kwenye boksi lake.

Wadogo zangu bado wako kulekule. Asubuhi Mweupe anafagia, anakwepa pale karibu na stoo, na mimi nafuata na tambara. Naweka ndoo chini, nasema shikamoo, nasubiri kidogo, ndipo nainama. Sijawahi kusikia marahaba.

Lakini hilo silo linalonichanganya zaidi. Linalonichanganya ni kwamba tangu siku ile Mweupe hanioni. Mama Zulfa akisimama njiani, anamzunguka. Mgeni akisimama, anamzunguka. Hata paka wa jirani anazungukwa. Nikisimama mimi anakuja moja kwa moja, ananipanda vidoleni, ananisugua miguu, anaendelea na kazi. Hapigi picha, haweki alama. Kwenye ramani, niliposimama panaonekana sakafu tupu. Fundi ameiangalia, anasema mashine ni nzima; mimi nawaza kwamba nilipoahidi bibi hatafagiliwa tena, zamu ikaja kwangu. Neema alipokuja kunitembelea alicheka mpaka akakaa chini: "Dada, hebu simama tena! Wewe hakuoni kabisa!" Nikasimama tena ili acheke. Maji yake ni ya moto kituoni, lakini yakinifika miguuni ni ya baridi sana.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kununua, usiulize tu ipi inavuta zaidi na ipi inajifulia. Uliza ipi inasimama ikikuta mtu. Na usiibonyeze ukiwa mbali. Pita kwanza mwenyewe, peku, chumba kwa chumba, useme shikamoo kwa sauti ya kusikika, kisha unyamaze. Usipoitikiwa, iwashe. Ukiitikiwa, weka simu chini ungoje, hata kama ni mpaka jioni, anyanyuke mwenyewe.