Nyumba Isiyobishwa Hodi

Siku hiyo tulikuwa tunapalilia maharage, mimi na mama. Kaka yangu Emanueli alikaa kwenye tuta, ameshika jembe tu. Akikohoa aligeukia upande wa bonde ili tusione anachotema. Tulishakubaliana kwamba maharage yakivunwa ataenda hospitali. Waliopita njiani walitusalimia kwa mbali, bila kusimama.

Hawakusimama kwa sababu yangu. Mume wangu alikuwa amefariki, nikarudi kwa mama huku Tlawi nikiwa na mimba, na mtoto naye akafa kabla hajapewa jina. Kwetu Wairaqw, mwanamke wa namna hiyo hutengwa mpaka muda wake uishe. Tunaita metimani. Si adhabu. Watu wanaogopa kifo kisihame kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Nilinyolewa nywele, nikajengewa kijumba mwisho wa shamba. Hakuna aliyepiga hodi kwangu, wala kuomba moto, wala kunywa kwenye kibuyu changu. Mama tu ndiye aliingia, maana msiba ulikuwa wake pia.

Jioni katibu wa kijiji alikuja, akasimama njiani, akatuita kwa sauti. Vita vya mpakani tulikuwa tumevisikia redioni. Sasa alisema vijana wote wa kiume waliopita mgambo wawe uwanjani asubuhi, lori linatoka Dongobesh. Alimtaja Emanueli kwa jina. Mama akamwambia mtoto anaumwa. Katibu akajibu, bila ukali, kwamba kila mama aliyemfikia siku ile alisema hivyo hivyo, na atakayejificha atafuatwa.

Mimi nami nilipita mgambo. Tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, wasichana na wavulana tulipiga kwata pamoja, na kwa shabaha nilimshinda Emanueli. Lakini kwenda vitani waliitwa wanaume.

Tulizaliwa tukifuatana, sura moja, urefu mmoja. Mama alikitazama kichwa changu kilichonyolewa, akatazama chini. Nilijua anachowaza.

“Nitaenda mimi,” nikasema. “Yeye akae kwangu. Hakuna atakayeingia.”

Emanueli alikataa mpaka kikohozi kikamkatisha. Kilipotulia akauliza, “Na mimi nikifa humo ndani, mtasema amekufa nani?”

Mama alimwambia anyamaze. Akaenda kuleta gauni langu, amvalishe.

Kwenye lori nilijifunika blanketi, nikajifanya mgonjwa. Babati tukagawanywa, vijana wa kijiji chetu wakapelekwa kundi jingine. Daktari alikuwa na watu wengi na haraka nyingi. Alinisikiliza kifua juu ya shati, akanipitisha. Baada ya hapo nililala na nguo, nikaoga wa mwisho, na niliposemeshwa nilijibu kwa ufupi.

Aliyekaa karibu yangu alikuwa Gidashang', Mbarbaig, mfugaji wa Getanuwas. Watu wake na watu wangu waliibiana ng'ombe tangu enzi za mababu, kwa hiyo alinitania bila kupumzika. Alisema sisi Wambulu, kama walivyotuita Wairaqw, tumezoea jembe, niangalie nisije nikapalilia kwa bunduki. Nikamwambia yeye asije akaichunga.

Siku moja, tukiwa tumepiga kambi karibu na Mto Kagera, alichana kipande cha shuka lake akanitupia, macho yake yakiwa kwingine. Nilikuwa kwenye siku zangu na sikuwa na kitambaa.

“Kwetu ndama jike tunamjua kwa mwendo,” akasema. “Nilijua tangu Babati. Chukua, unyamaze.”

Hakulirudia jambo hilo. Utani uliendelea vile vile, na kila nilipokwenda kuoga alikaa njiani akinoa kisu.

Tulivuka mto. Ng'ambo kulikuwa na migomba na nyumba ambazo milango yake ilikuwa wazi. Hapakuwa na kuku, wala moshi, wala sauti ya mtoto. Chungu kilikuwa bado juu ya mafiga, chakula kimeota ukungu.

Gidashang' aliinama akatazama ardhi. Akasema ng'ombe wamepita hapa wakikimbia.

Kisha risasi.

Nililala chini. Nilipiga kule zilikotoka. Sijui kama nilimpata mtu.

Kulipotulia nilimkuta Gidashang' ameegemea mgomba, mikono tumboni. Nilimfunga kwa shuka lake. Halikutosha.

“Jina lako nani?” akauliza. “Lako wewe.”

“Paskalina.”

Alijaribu kulitamka, likamshinda. “Refu sana hilo,” akasema, na ni kama alitabasamu.

Tulimzika palepale. Katika vita vyote ni yeye peke yake aliyeniuliza jina.

Niliporudi nilishuka Dongobesh, nikatembea kwa miguu. Karibu na nyumbani nilikutana na bibi mmoja jirani, macho yake yalikuwa yamepungua nuru. Nikamwambia shikamoo.

“Marahaba, Emanueli. Umerudi, mwanangu. Pole sana. Dada yako hakuimaliza metimani, alituacha wakati wa mvua.”

Nilisema asante.

Kijumba kilikuwa kimeezuliwa nyasi. Pembeni palikuwa na kaburi na msalaba wa mti wenye jina langu. Mama alinikuta pale. Alisema alimwosha peke yake, na wachimba kaburi walisimama mbali mpaka alipokwisha kumfunga sanda, kama ilivyo kwa nyumba ya namna ile. Kilio alikilia kwa jina langu, majirani wakisikiliza.

“Yeye hajaliliwa bado,” akasema.

Tukaenda kwa wazee tukasema yote. Hawakutukana. Walisema turudi kwenye metimani, mama na mimi, kwa ajili ya Emanueli, na msalaba ubadilishwe. Tulirudi. Safari hii mama alilia kwa jina la Emanueli mwenyewe.

Baadaye waliopigana waliitwa uwanjani kushukuriwa. Jina la Emanueli likasomwa. Mtu akasema ni marehemu, wakasoma linalofuata. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake. Siku hizi wajukuu wa ukoo husimulia kwamba Emanueli alipigana Kagera. Nikiwaambia ilivyokuwa wananisikiliza kwa adabu, halafu wanasimulia vile vile.

Hilo haliniumizi sana. Kinachoniumiza ni hospitali ambayo hakuifikia. Mganga wa zahanati alikuwa mgeni, ametoka mkoa mwingine, metimani haikumtisha. Angeingia kama angeitwa. Lakini angemfungua kifua, angeona ni mwanaume, na mimi nilikuwa ng'ambo ya mto nimebeba jina lake. Mama hakumwita. Emanueli mwenyewe alimkataza.

Mama aliniambia kwamba mwisho mwisho alikuwa anakoholea ndani ya gauni langu, amelikunja mdomoni, ili wapitao njiani wasisikie kikohozi cha mwanaume.