Salamu ya Watu Wengi

Kwetu Dodoma mtu hasalimiwi akanyamaza. Anayekuja husema mbukwa ikiwa mbele yake yuko mtu mmoja, mbukwenyi ikiwa wako wengi, na anayesalimiwa hurudisha salamu hata kama mdomo umejaa ugali. Ukikaa kimya, watu watataka kujua una ugomvi gani na mwenzio. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akaungana na binti yangu kudhani nilirukwa na akili siku ile uwanjani.

Ninaishi Etobicoke, huku Kanada, katika jengo refu lenye lifti mbili ambazo sijawahi kuziona nzima kwa wakati mmoja. Mume wangu alifariki tukiwa humu humu. Yeye alikuwa Mpare, mimi Mgogo, kwa hiyo tangu tulipooana Dar es Salaam lugha ya nyumba ilikuwa Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu. Kipare chake na Kigogo changu tulivipa jina moja, kilugha, kama kila mtu kule anavyosema. Shuleni ukikamatwa unaongea kilugha ulichapwa. Nilikuja kugutuka nikiwa hapa, siku binti yangu alipomweleza rafiki yake kwenye simu kwamba mama anaongea kilugha chake cha nyumbani, na alichokuwa anakisema ni Kiswahili. Kiswahili changu cha redio na cha bungeni! Nilinuna mpaka jioni, ingawa mtoto hakuwa na kosa.

Kigogo kilibaki cha simu. Kila Jumamosi asubuhi nilimpigia mama yangu, naiweka simu kwenye spika katikati ya meza, na kabla sijafungua mdomo yeye ameshasema, "Mbukwenyi." Alijua tuko watatu, nasi wote tulimwitikia: mimi, mume wangu kwa matamshi yake ya milimani, na mtoto akiwa bado anatafuna. Mama alicheka kwanza ndipo akaanza habari za mvua. Mume wangu alipofariki nilidhani mama atabadilisha, aanze kusema mbukwa, maana mtoto naye alikuwa amekua na kuhama. Hakubadilisha. Nilimwambia siku moja kwamba niko peke yangu mezani, akaniuliza kama nimeuza viti.

Mwaka jana mvua za kwanza zilipoanza kule, mama naye akaenda. Sikuwahi mazishi, niliyaona kwenye simu ya binamu, picha ikikatakata. Baada ya hapo Jumamosi zikawa ndefu sana. Nafua, napika maharage yanayoweza kulisha harusi, nayagandisha. Kanisani tunasali kwa Kiswahili na ninashukuru, lakini Kigogo hakina mtu. Niliwahi kusikia kwamba yuko Mgogo mmoja Ottawa, nikaitafuta namba yake kwa bidii nisiyoweza kuieleza vizuri. Nilipompata nikasema mbukwa. Akaniambia kwa Kiswahili kizuri kabisa kwamba yeye kazaliwa Morogoro na kilugha hakijui, ila baba yake angefurahi kama angekuwa hai. Tukatakiana siku njema. Nilikaa na simu mkononi nikilia kama mtu aliyefiwa upya.

Ndiyo maana binti yangu akaja na tiketi. Anafanya kazi za kompyuta Markham, ana gari na nyumba yenye nyasi za kukata, na anaamini hakuna huzuni isiyoweza kutolewa nje ikapigwa upepo. Ilikuwa mechi ya timu ya taifa ya Kanada, katika uwanja ulio karibu na ziwa. Mimi mpira naupenda kweli, siendi kutazama jezi. Nilivaa koti juu ya koti, nikafunga kanga kiunoni chini ya yote hayo, kwa ajili ya joto na kwa ajili yangu mwenyewe.

Timu zilipojipanga kwa wimbo wa taifa, akatoka mwanamke wa makamo aliyevaa sketi ndefu yenye riboni za rangi zilizoshonwa kuizunguka. Mtangazaji alieleza kwamba ni wa mataifa ya asili ya nchi hii, na kwamba atauimba wimbo kwa lugha ya watu wake. Watu wakapiga makofi ya adabu. Mwanamke akashika kipaza sauti, akatutazama pande zote, akasema, "Aanii."

Neno hilo nilikuwa nimeshalisikia mara nyingi, hufungua mikutano hapa mjini. Ni salamu. Akalisema, kisha akanyamaza kidogo, kama anavyonyamaza mtu anayesubiri kuitikiwa. Na uwanja mzima ule hakuna aliyesema kitu. Mmoja alikuwa anapitisha bia juu ya vichwa vya watu, wengine wanajipiga picha. Nilimwona yule mama amesimama katikati ya majani ya kijani, nchini kwao, kasalimia umati kwa lugha ya hapo hapo, na salamu yake inaelea tu.

Sikufikiri. Nilijikuta nimesimama wima nikaitikia kwa sauti yote niliyo nayo, "Mbukwenyi!"

Nilikosea mara mbili, najua. Hiyo haikuwa lugha yake, na yeye alikuwa mmoja. Lakini mdomo ulikwenda wenyewe kwenye neno la Jumamosi. Safu ya mbele yetu iligeuka yote. Mwanamume mwenye bia akacheka, akaninyanyulia kikombe. Binti yangu akanivuta koti.

"Mama, please," alisema kwa sauti ya chini. "Hawaitikiagi."

"Kwa nini?"

"It's a ceremony, Mama. Watu wanasikiliza tu."

Kisha wimbo ukaanza. Watu waliokuwa wamejiandaa kuimba walijaribu kufuatisha, maneno yakawakimbia, wakaishia kuguna na hatimaye wakaacha. Akaimba peke yake mpaka mwisho. Sauti yake ilikuwa nzuri na haikutetemeka, lakini mimi nilikuwa natetemeka kwa hasira, na wala si hasira ya kumkasirikia mtu. Nilikuwa nawaza kwamba kumpa mtu kipaza sauti ni jambo jema, lazima tuseme ukweli, shuleni kwetu tulipewa fimbo. Lakini kipaza sauti hakiitikii. Alipomaliza makofi yalikuwa makubwa sana, na mechi ikaanza mara moja.

Garini tulikwama kwenye foleni ya barabara kuu. Hapo binti yangu akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake akitaka kuwa mpole, kwamba hakuona aibu, alishtuka tu. Kisha akauliza nilikuwa nimesema nini.

"Kilugha tu," nikamjibu.

"Lakini inamaanisha nini?"

"Haina maana tena. Endesha gari."

Alinishusha mlangoni, akanipa tambi alizoninunulia, akaondoka kurudi Markham. Nilipanda kwa ngazi kwa sababu lifti zilikuwa na mambo yake. Njia nzima nilijilaumu, kwa sababu mtu alikuwa ameniuliza neno la mama yangu na mimi nimemfungia mlango.

Wiki mbili tatu zikapita tukizungumza habari za dawa yangu ya presha na bei ya nyanya. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nachagua maharage mezani simu ikaita. Ni yeye. Saa hizo huwa amelala, nikajua kuna tatizo, nikapokea na kuweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi.

"Mbukwenyi," akasema.

Alilitamka vibaya kidogo, mkazo ukiwa sipo, kama baba yake. Nikaisogeza simu katikati ya meza. Akadhani simu imekatika, akarudia polepole, "Mbukwenyi. Mama? Nimekumbuka. Si ndivyo Bibi alivyokuwa anasema? Hello?"

Jibu la kwanza lililonijia ni kumsahihisha. Hiyo ni ya watu wengi, mwanangu, mimi niko mmoja, kwa mmoja tunasema mbukwa. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini angejuaje? Maisha yake yote alisikia salamu hiyo moja tu, ikitoka kwenye simu katikati ya meza, ikimjumuisha yeye na baba yake na mimi. Ile ya mtu mmoja hakuwahi kuisikia kwetu.

Nikaangalia viti. Sijauza hata kimoja.

"Mbukwenyi," nikamwitikia, kwa niaba ya wote.