Verediana Alivyojitwisha Kifo cha Marcelina

Ukikaa hapa Buzebazeba utaambiwa Verediana aliua mtu kwa samaki wa jana. Watakaokuambia ni watu ambao hata mikono hawaoshi. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Wewe ni mgeni, ndiyo maana nakusimulia, na anayetaka kununa anune.

Verediana alikuwa mama lishe. Wali, maharage na samaki wa kukaanga, migebuka. Wapakiaji wa bandarini walivipita vibanda vingine vyote kumfuata yeye. Kipindupindu kilipoingia, aliweka ndoo ya kunawia mlangoni kabla hajaambiwa na mtu. Ukipita bila kunawa, anakurudisha, uwe nani sijui.

Wiki hiyo mabomba yalikauka. Marcelina, shoga yake, akamtuma binti yake Yunisi akachote maji ziwani. Kesho yake Marcelina akaanza kuhara na kutapika, akapelekwa kambi ya wagonjwa, na huko akafia. Walimzika watu wa afya, na buti zao na glovu zao, sisi tukitazama kwa mbali. Yunisi akaambiwa asilie, atamwongezea bibi yake uchungu.

Halafu lile gari la matangazo. Kutwa linazunguka mtaani: anayeleta maji ya ziwa nyumbani analeta kifo. Sawa, watu waambiwe. Lakini nani alifikiria masikio ya mtoto wa darasa la pili? Nyumba waliipulizia dawa, vidonge vya kutibu maji wakagawa, mtoto hakuna aliyemuuliza lolote. Mpaka leo linanikera.

Yunisi akaacha kunywa maji. Ukimpa kikombe, anakaza meno. Bibi yake akasema ni kiburi, akamchapa. Shangazi yake akasema ni mapepo. Midomo ikaanza kumpasuka. Verediana akamchukua, akamkalisha jikoni kwake, mimi nikiwa palepale nachambua mchele. Alimbembeleza mpaka mtoto akafungua kinywa.

"Mama nimemuua mimi," akasema. "Maji nilichota mimi."

Verediana akamwambia hana kosa, alitumwa, mtoto akitumwa anakwenda. Akarudia, akarudia tena. Wapi! Mtoto alitaka kumjua aliyeua, na hakuwa na mwingine wa kumtaja ila yeye mwenyewe. Verediana akafuta mikono kwenye kanga.

"Yunisi, si maji. Mama yako alikula samaki wa jana hapa kwangu. Nilijua wamechacha, nikampa hivyo hivyo."

Uongo mtupu! Marcelina siku hiyo hakukanyaga pale. Nilitaka kusema, Verediana akanikata jicho. Mtoto akamtazama weee, akaanza kulia, na alipomaliza kulia akanywa maji.

Jioni bibi akajua, asubuhi mtaa mzima. Lisemwalo lipo, wakasema. Kibanda kikafungwa, na sasa Verediana anatembeza mkaa Katubuka, kwa wasiomjua. Nilitaka kumwambia bibi ukweli, Verediana akaniapisha nisimwambie.

Juzi mimi na Verediana tulikutana na Yunisi akitoka shule na wenzake, amenenepa, anacheka. Alipomwona Verediana akaokota jiwe, likampata mguuni. Nikavua kandambili nimkimbize, Verediana akanishika gauni.

"Mwache," akasema. "Akijua, ataacha tena kunywa."

Yunisi akaokota jiwe la pili.