Mzabibu Usioambiwa

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua kuwa baina ya nchi na nchi kuna bahari, nilikijua kijiji kimoja cha Ujerumani kama nilivyoijua Rhotia, kwetu. Bibi yangu mzaa mama aliwahi kuwa mpishi wa mlowezi Mjerumani wa Oldeani, kabla Vita vya Pili havijamwondoa bwana yule shambani, na kijiji kile alikirithi kwa masikio. Kilikuwa kidogo, alisema, hata kengele moja ilikitosha. Nyumba zimebanana kando ya mto, na juu yake mizabibu imeparamia mlima mkali. Akifa mwenye nyumba, aliyebaki hushuka kwenye ghala la chini akagonga kila pipa la mvinyo, kisha hupanda mlimani akaiambia mizabibu: mwenyewe hayupo. Isipoambiwa, hukauka. Ukaja wakati wa Vita vya Kwanza, wanaume wakaenda wasirudi, na wake zao wakakataa kutamka kifo ambacho kaburi lake hawakuliona. Mlima ukageuka kijivu.

Mzabibu mmoja wa ukoo ule ulikuwa nyuma ya jiko letu, katika kambi ya vibarua wa kahawa. Bibi alikata kijiti katika bustani ya bwana, aliyeleta mbegu yake kutoka kwao. Mama akakilea kwa maji aliyooshea vyombo. Baba, Mgogo aliyekuja kutafuta kazi, akajitolea kuupogoa. Ndipo walipozoeana.

Mama alifariki katika uzazi, msimu wa kuchuma kahawa, yeye na mtoto. Tuliporudi kutoka makaburini, Bibi hakuketi.

"Baba Neema, umeuambia?"

"Mama, kwetu Dodoma mizabibu tunaipogoa. Hatuihutubii."

"Kilabuni unahutubia mpaka pombe inakwisha. Nenda. Anayepaswa kusema ni wewe, si mimi."

"Kesho."

Kesho ile ikawa inasogea kila kunapokucha. Baba hakukanyaga nyuma ya jiko, maana ndoo ya mama ilikuwa ingali imefudikizwa palepale alipoiacha. Watu wasio wa kambini waliponiuliza habari za mama, niliwajibu amekwenda Mbulu, na baba alinisikia asinisahihishe. Majani yakanyauka, yakapukutika.

"Nilikuambia, Baba Neema," Bibi akasema siku moja, na sautini mwake hamkuwa na ushindi.

Jioni ile baba aliichukua ndoo. Akaumwagia maji mti uliokwisha kuwa kuni, akasimama, akasema kama mtu anayejitambulisha ugenini, "Mama Neema amekufa." Akarudia kwa Kigogo. Nami, mlangoni pa jiko, ndipo nilipoanza kulia.

Leo najua kuwa kilichoukausha ni kiu. Huenda hiyo ndiyo hekima ya wale watu wa mtoni: anayekwenda kuuambia mzabibu msiba, huuona hauna maji. Ni maelezo ya mtu mzima. Ni sahihi, na hayanitoshi. Nilidhani baba aliidharau desturi. Sasa naona aliiamini kuliko hata Bibi: alijua neno lile likishatamkwa, mama hatarudi tena kutoka Mbulu.

Baba alipofariki, nilirudi kambini. Nyuma ya jiko palikuwa pamebaki kigingi alichouegemezea mzabibu. Nilikiambia, kwa Kiswahili, kisha kwa Kigogo changu kibovu. Halafu nikaenda kutafuta maji.