Kadi ya Nusu

Mama yangu aliamini kwamba hakuna chombo cha abiria duniani kisichokuwa na kadi yake ya nusu nauli, ila wenyewe huificha na lazima uwaombe. Imani hiyo aliitoa Tabora alikozaliwa. Kaka yake alikuwa karani wa tikiti stesheni, na nyumba yao nzima ilikuwa na kadi ya reli. Waliionesha dirishani, wakalipa nusu, wakapanda treni mpaka Kigoma au Dar es Salaam kwenda kuzika, kuoza, au kununua khanga tu. Baba naye alipomwoa alisafiri kwa kadi ile ile. Fungate yao yote ilikuwa ya nusu nauli, na mama akitusimulia hayo alicheka mpaka akajishika ubavu.

Kisha wakaja Oman, wakakaa Ibra, mji wa watu wa baba, ambako treni mpaka leo hakuna.

Dada yangu mkubwa alikuwa na maradhi ya damu tangu mdogo. Katikati ya miaka ya tisini yalimzidi, akalazwa Maskati. Dawa ilikuwa bure na kitanda bure, lakini njia haikuwa bure. Baba alikuwa mlinzi wa skuli Sur, akirudi nyumbani Jumatano jioni na kuondoka tena Ijumaa. Nauli aliyoweza kumwachia mama ilitosha kwenda na kurudi mara moja kwa mwezi. Mama alikwenda hiyo mara moja, akashinda na mwanawe, na kila alipoinuka kuaga dada alimuuliza, "Mama, utakuja na basi la lini?" Swali hilo alirudi nalo Ibra, akapika nalo na kufua nalo, mpaka nikawa nalisikia hata asipolisema.

Kitanda cha pili alikuwapo bibi mmoja wa Manah, mzaliwa wa Unguja, akiuguza mjukuu wake. Huyo alikuja kila wiki. Mama akamuuliza anawezaje.

"Si nna kadi, mwanangu," bibi akamwambia. "Mwenye mabasi ya kwetu Nizwa hutupa sie wenye wagonjwa. Walipa nusu, basi. Nawe waombe wa kwenu, kuna nini?"

Mama alirudi uso umemkunjuka. Nusu nauli maana yake ilikuwa safari mbili kwa mwezi badala ya moja. "Sikuwaambia mimi?" akasema. "Kadi zipo!"

Jumatano iliyofuata alivaa abaya yake nzuri, akaenda peke yake kwa mwenye mabasi ya Ibra, mtu binafsi aliyekuwa na kiofisi nyuma ya soko. Mimi nilikuwa skuli. Kiarabu cha mama kilikuwa cha kuokota sokoni, na watu wa Ibra walishawazoea wanawake waliotoka Afrika, wanaoiita qahwa kahawa, kwa k, wakati wao herufi hiyo huitoa kooni. Hawakuwacheka mbele yao. Walilisahihisha neno kimoyomoyo, wakawahudumia. Ni wema huo uliotumaliza.

Mama alimwambia karani: "Abgha kadi. Nuss mali."

Kwa Kiarabu chake cha sokoni alikuwa akisema: nataka kadi, ile ya nusu, iwe yangu. Karani alisikia qadi, ndiye kadhi: nataka kadhi, nusu ya mali.

Kijana wa watu aliona haya kwa niaba yake. Hakumuuliza zaidi, kwani mambo ya mume na mke hayaulizwi. Alimwomba mwanamke mmoja aliyekuwa akingojea basi amsindikize mpaka mahakamani, na mama akafuata, akishukuru njia nzima. Akakalishwa kwenye benchi la wanawake. Wenziwe pale walikuwa wakilia. Akadhani nao wana wagonjwa Maskati, akampa pole aliyekaa karibu naye. Ilipoadhiniwa adhuhuri bawabu akamwambia arudi Jumamosi.

Nilipotoka skuli nilimkuta anachambua mchele huku anaimba. "Jumamosi wananipa," akasema. "Watu wengi wanaomba, lakini wananipa."

Nilimuuliza ofisi hiyo iko wapi. Aliponieleza, na mlango mkubwa ule, na wanawake wanaolia, nilijua ni wapi. Nikamwambia, "Mama, pale ni kwa kadhi." Alicheka kwanza. Halafu akaacha kuchambua mchele.

Tatizo ni kwamba Jumatano ndiyo siku ya soko la wanawake Ibra, na mke wa ami yangu alikuwa ametoka huko na nguo zake mkononi alipomwona mama akiingia mahakamani. Hakumwita wala hakumuuliza. Ningekuwa na moyo mzuri ningesema hakukusudia ubaya, lakini moyo huo sina.

Baba akitoka Sur hupitia kwanza sabla, baraza ya wanaume wa ukoo, na ndipo huja nyumbani. Siku hiyo kaka zake walikuwa wanamngoja. Walishamwambia zamani kwamba mwanamke wa Afrika hana wa kumrudisha nyuma, na sasa wakamwambia mkewe kenda kwa kadhi kudai nusu ya mali. Mali gani, hawakusema. Tulikuwa na minazi? Tulikuwa na mitende mingapi? Wakasema ni huku kwenda na kurudi Maskati kunakomharibu. Baba, kikombe cha kahawa mkononi, akala yamini mbele yao: mkewe akitia tena mguu Maskati, basi ameachika kwa talaka tatu.

Ndipo akaja nyumbani.

Alisimama mlangoni na viatu vyake. Mama hakusalimia. Alisema tu, "Baba watoto, mimi niliomba kadi."

"Umeomba nini?"

"Kadi, bwana. Ya nusu. Kama ile ya Tabora."

Mimi nikadakia, maneno yananitoka ovyo. Nikamweleza la karani, la bibi wa Manah, la kadi na kadhi. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalitamka neno lile polepole, "Kadi," na nikaona uso wake umebadilika, nikadhani tumepona.

"Hata kama," akasema. "Nimeshaapa."

Mama alikaa chini pale pale alipokuwa. Oman hakuwa na ndugu hata mmoja. Akiachwa angekwenda wapi, na sisi tungebaki na nani? Alichokuwa nacho ni mtoto Maskati na watoto Ibra, na kwa neno moja la sabla ikawa hawezi kuwa na wote.

Nilikuwa msichana wa skuli, lakini sikuwa mjinga. Nilijua kiapo kama hicho huulizwa kwa wenye elimu, na pengine hupatikana njia ya kukitoka. Na wa kuulizwa Ibra alikuwa kadhi. Nikamwambia baba tena na tena, aende. Alinijibu mara moja tu: "Nikionekana mlangoni kwake watasema ni kweli tulikwenda kuachana." Kwa hiyo hakwenda. Nyumba ambayo haikuwahi kumhitaji kadhi sasa ilimhitaji kweli, na haya zikamzuia baba kuvuka barabara. Nilimchukia. Nasema hivyo leo bila kuona aibu.

Baba alikwenda Maskati mwenyewe mwezi uliofuata. Alirudi akasema dada hajambo, anakula. Mama akamuuliza, "Kasema nini?" Baba akasema hakusema kitu. Hilo sikuliamini, na mama hakuliamini pia.

Dada alifariki kabla ya Ramadhani, siku ya kazi, baba yuko Sur. Alizikwa Ibra. Mama alimwona akiwa ameshakoshwa.

Siku ya pili ya matanga alikuja bibi wa Manah. Alipanda basi la Nizwa, akashuka, akapanda jingine, miguu imemvimba. Alileta kitana na khanga za dada alizoziacha kitandani. Akakaa mbele ya mama, akafungua mkoba kutafuta kitambaa cha kujifutia machozi, na kadi ikaanguka juu ya mkeka. Kikaratasi kigumu cha kijani, na picha yake bibi. Mama akakiokota. Alikishika muda, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akamrudishia.

"Mbona hukuja, mwanangu?" bibi akauliza. "Alikuwa akisikia viatu ukumbini akiuliza basi la Ibra limefika."

Mke wa ami yangu alikuwapo, anamimina kahawa. Mama hakumtazama. Alisema, "Sikupata kadi."

Miaka ikaenda. Nikawa mwalimu, nikanunua gari, mabasi tukayasahau. Baba akastaafu, sukari ikamla macho. Madaktari wa Nizwa walifanya wanaloliweza, kisha wakasema aende Maskati, kuna mashine na mabingwa. Baba akakataa. Kiapo kilikuwa hai muda wote aliokuwa hai yeye, na bila mama hakutaka kwenda popote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimkata nyama, akimfunga vifungo na kumwambia nani kaingia. Kwa hiyo kila baada ya wiki chache niliwapakia wote wawili kutoka Ibra mpaka Nizwa, kwa matone ambayo hayakuwa yakisaidia kitu.

Safari moja, tumeshapita Sinaw, baba akasema kutoka kiti cha mbele, "Nilijua."

Nikapunguza mwendo.

"Siku ile. Aliposema kadi, nilijua ni kadi. Si mimi niliyepanda nayo kwenda Kigoma?" Sauti yake ilikuwa ndogo. Akageuza uso upande wa nyuma alikokaa mama, ingawa hakuwa akiona kitu. "Kesho mwanao atanipeleka kwa kadhi. Nitamuuliza juu ya kile kiapo. Kikitoka, tutakwenda Maskati, mimi na wewe."

Nilimtazama mama kwenye kioo. Alikuwa anamenya chungwa la baba, na hakuacha kumenya. Akaligawa, akamnyooshea kipande, akangoja mpaka mkono wake ukakipata.

"Nenda na mwanao," akamwambia. "Mie Maskati sina mtu tena."