Namba Moja Haikuwa ya Kwanza

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, ya baridi ile ya Landani inayokufanya umtamani mama yako hata kama mliachana kwa ugomvi. Nilikuwa msichana, miaka michache tu tangu tuondoke Pemba baada ya Mapinduzi. Wenzangu walipata kazi za hospitali na za mabasi. Mimi nikaangukia kwenye karakana ya bastola kuukuu, mtaa wa Stratford, humohumo Landani. Usicheke. Hazikuwa za kumpigia mtu. Zilikuwa za kale, matajiri wakizikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu.

Mwenye karakana alikuwa Mzee Harnam, Singasinga wa Kisumu, mkali wa ulimi na laini wa moyo. Wiki ile tajiri mmoja alituachia bastola iliyogongwa namba moja. Ilikuwa iende kwenye maonyesho, na sisi tuthibitishe kwamba ndiyo ya kwanza ya aina yake kutengenezwa. Mimi niliona kazi imekwisha kabla ya kuanza. Moja si moja?

Basi siku hiyo akaingia bibi wa Kiingereza, mjane, na bastola yake kaifunga kwenye taulo la jikoni. Aina ileile, ila yake namba nne. Alisema ya kwanza ndiyo hii, babu yake aliichonga kwa mkono wake, na hakuna aliyewahi kumsadiki. "Nataka mtu mmoja aseme kweli kabla sijafa," alisema. Nami, kwa kiburi cha ujana, nikamjibu palepale mlangoni kwamba nne haiwezi kuitangulia moja. Aliinamisha kichwa, akaanza kuifunga tena. Mpaka leo nikimkumbuka roho huniuma.

"Wewe Zuhura!" Mzee Harnam aliita kutoka mezani kwake. "Pasi yako inasema ulizaliwa lini?"

"Tarehe moja Januari, Mzee."

"Na mama yako anasema lini?"

Nikamweleza kweli. Mama alisema nilizaliwa katikati ya mchumo wa karafuu, watu wote wako mashambani. Januari nilipewa na karani, maana tulifika bila cheti, kama wengi wetu. Ukizisadiki karatasi zetu utadhani Pemba nzima ilizaliwa siku moja.

"Sasa mbona unaamini namba ya chuma?" akasema. "Hiyo nayo iligongwa na mtu, tena baadaye. Mpe huyu mama kiti, mpe chai. Halafu lete bisibisi."

Nyumba njema si mlango, mwanangu; fungua uingie ndani. Tulizifungua zote mbili, tukaondoa mipini. Ndani ya namba moja kila kitu kilikuwa kimekatwa kwa mashine, safi, tundu la skrubu mahali pake. Ndani ya namba nne kulikuwa na mikwaruzo ya tupa, na tundu lililotobolewa pasipofaa. Lilikuwa limezibwa, na jingine likatobolewa pembeni yake, palepale lilipo kwenye namba moja.

"Umeona?" Mzee aliniambia. "Huyu wa nne alikuwa bado anatafuta. Yule wa moja alishaonyeshwa njia. Walipokuja kugonga namba, ile moja waliiweka akiba, waigonge kwenye bastola ya mkubwa fulani. Haya, wewe ndiye uliyemkatalia, nenda ukamwambie."

Nilimwambia, nikamwonyesha. Yule bibi aliweka kidole juu ya lile tundu lililozibwa, akacheka huku analia. "Babu alikosea," alisema. "Basi kweli ni yeye."

Tajiri alinuna siku mbili tatu, kisha akaja kutazama kwa macho yake, na mwenyewe akaomba kwenye maonyesho namba nne iwekwe mbele ya yake.

Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa, na aliyeviunda kwanza alikwaruza kwanza. Kwa hiyo usimpime mtu kwa namba aliyopewa na mwingine, wala usitoe hukumu ukiwa umesimama kizingitini. Na wewe ukitoboa pasipofaa, usilie ukadhani umeharibikiwa. Ziba, toboa pembeni, endelea. Wanaokuja nyuma yako watapata tundu mahali pake, na huenda wasijue ni kwa nini.

Mungu akupe subira ya kutazama ndani, aibariki mikono yako hata inapokosea, na kila mlango utakaobisha ugenini akujaalie mtu wa kukupa kiti kabla hajakupa jibu. Amin.