Paka wa Bi Sikujua na Makanda Tisa ya Mbegu

Swala ya alfajiri imekwisha punde hapa Mtunda, na Bi Sikujua binti Mfaume ameketi barazani juu ya kigoda, paka wa madoa mapajani mwake. Anamkunja sikio, anachungulia ndani, kisha anadondosha tone la mafuta ya nazi yenye uvuguvugu. Paka anafoka. Mwenyewe naye anafoka.

"Tulia, Makeke! Jana walia, leo walia, na sikio lenyewe limeshapona."

Baada ya sikio ni kitana. Anamchana kutoka shingoni hadi mkiani, na kila kiroboto anamtumbukiza katika kifuu cha maji. Anakung'uta mkeka anapolala paka na kunyunyiza majivu makavu chini yake. Maji ya kunywa ya jana yanamwagwa, mapya yanatiwa.

Hiyo ndiyo kazi yake kila siku ya Mungu, kwa paka wanne. Posho yake, kama ya kila mtu hapa, ni kibaba kimoja cha mtama kwa siku. Si haba, kwa mwaka huu wa 1906 ambao wengine wanachimba mizizi porini.

Paka hawa si pambo. Hatua chache kutoka barazani, juu ya nguzo, lipo ghala lenye makanda tisa ya ukindu yaliyojaa mbegu ya mpunga, na nyumba thelathini na moja zinaitegemea. Mvua zikianguka pasiwe na cha kupanda, njaa hii ya vita itaonekana mchezo.

Makanda yalikuwa kumi na mawili. Mawili yaliliwa na panya. La tatu, hapo Bi Sikujua anaziba mdomo kwa upindo wa kaniki, maana kuna mambo hayachekwi mbele ya wazee. Mzee Bushiri, mlinzi wa ghala, alikuwa amebakiza kibuyu cha ile dawa ya maji iliyopitishwa vijijini mwaka jana, vita vilipoanza. Alipoona panya wanazidi, akalinyunyizia kanda zima. Siku ya nne mbegu ilikuwa imechipua humo humo ndani, na iliyobaki imeoza.

"Dawa ilikuwa ya kuzuia risasi," anajitetea Mzee Bushiri. "Nikasema, jino la panya litaishindaje?"

"Hata risasi hazikusikia," anasema Bi Sikujua, na sauti yake inashuka.

Mumewe, Swalehe, aliyanywa maji hayo akaenda vitani, hakurudi. Nyumba yao katika milima ya Umatumbi ilichomwa pamoja na chakula chote. Bi Sikujua alipokimbilia hapa Mtunda alikuwa na tenga kichwani, na ndani ya tenga hamkuwa na chungu wala nguo. Alikuwamo Makeke, mwenye mimba.

"Tulimcheka mpaka mbavu zikauma," anakumbuka jirani yake, Mwanaharusi. "Watu wameokoa majembe, mwenzetu kaokoa paka!"

Mzee Bushiri, kama wengi, aliamini kwamba paka akishiba hakamati panya. Akamfunga paka wake kamba mle ghalani siku nne, maji kidogo, chakula hakuna, ili apate uchu wa kuwinda. Bi Sikujua alimkuta amelala ubavu, macho yamejaa tongo, panya wanampita kichwani.

"Nilikasirika miye!" anasema. "Nikamwambia, Mzee, weye ukifunga siku nne pasipo kufuturu utashika jembe? Paka mwenye njaa hawindi. Huugua, au hutoroka akale mijusi."

"Watu hawajala, tulishe paka?" aliulizwa barazani, na lilikuwa swali la haki. Hakubishana. Alimega posho yake mwenyewe. Vichwa vya samaki wa chumvi kutoka Nyamisati aliviloweka na kuvisuuza mara tatu, kwa kuwa chumvi humdhuru paka, akavichanganya na uji. Macho ya yule paka mgonjwa aliyasafisha kwa maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni mpaka akasimama.

Ndipo Mzee Bushiri akampa siku kumi za kuonyesha kwamba paka walioshiba hulinda mbegu. Likitobolewa kanda moja zaidi, paka wote watafukuziwa porini, na yeye atafute kijiji kingine.

Leo ni siku ya kumi.

Mzee Bushiri anapanda ngazi peke yake. Barazani watu wameinua shingo kuelekea ghalani, na Mwanaharusi ameshika tasbihi. Bi Sikujua anaendelea kumchana Makeke, ila kitana kinapita pale pale. Huko juu mkono unasikika ukipapasa kanda moja baada ya jingine, na mpapasaji hana haraka hata kidogo.

"Tisa," inatoka sauti. "Yote mazima." Kisha anakohoa. "Na panya watatu wamekufa hapa mlangoni."

Mwanaharusi anapiga vigelegele. Bi Sikujua ananyanyua kidevu. Ana fahari, na hana sababu ya kuificha.

"Haya, nichekeni sasa!"

Mzee Bushiri anashuka na kibaba mkononi. Safari hii si mtama, ni mbegu.

"Yako hii, mwanangu. Siku ukirudi kwenu, ukapande."

Bi Sikujua anakipokea kibaba kwa mikono miwili. Anaifunga mbegu katika kitambaa, mafundo mawili, na kuiweka ndani ya lile tenga alilokimbia nalo. Makeke anaruka ndani, anazunguka mara moja, anailalia.

Mwenyewe anasema mpango wake ni mmoja tu. Vita vikitulia atapanda tena milima, na watoto wa Makeke atawagawa njiani kwa kila atakayeapa kutowafunga kamba wala kuwanyima chakula.

"Na tenga nitalibeba kichwani vilevile, paka wangu ndani," anasema. "Anayetaka kucheka, na acheke."